Tunaenda pwani ya mbali na watoto: tupite ufukweni au njia ya ndani?

BabaWawili

Wakuu, habari za muda huu.

Mwisho wa mwezi nina likizo na familia imeamua twende pwani. Si pwani ya hoteli na lami. Nyumba tuliyokodi iko mbali kweli kweli: lami inaishia kwenye mji mdogo, na kutoka hapo ni kama kilomita 60 za vumbi na mchanga. Tutakuwa mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto wawili, mmoja ana miaka 4 na mwingine 9. Gari ni la kukodi, fo-wili (tairi zote nne zinavuta), lina nguvu. Mimi mwenyewe ni dereva wa mjini, lami na foleni ndiyo maisha yangu.

Mwenye nyumba ananiambia kuna njia mbili za kumalizia safari. Moja ni ya ndani, inapita vijijini, ni ndefu na mbovu. Nyingine inashuka ufukweni, halafu unakwenda juu ya mchanga kilomita 11 mpaka mlangoni. Anasema wageni karibu wote wanapita ufukweni. Kwa ratiba yetu tutafika saa mbili usiku, kwa sababu nitaondoka nikitoka kazini.

Naomba mnisaidie. Kasi gani inafaa kwenye vumbi? Tairi zipunguzwe upepo au hilo ni la wanaoshindana rally? Hilo la ufukweni mnalionaje? Halafu mwenye nyumba ana pikapu ya kuzungusha wageni jioni, na huyu wangu wa miaka 9 ameshaanza kuomba akae nyuma.

Natanguliza shukrani.

---

DadaUsukani

Kaka, umefanya vizuri kuuliza mapema. Kazi yangu ni kupeleka wageni na mizigo kwenye kambi zilizo mwisho wa njia kama hiyo yako, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu, univumilie.

Jibu kwanza: pita njia ya ndani, na upite mchana. Hata kama itakubidi ulale pale lami inapoishia.

Watu wakisikia pwani ya mbali wanaogopa mchanga. Mchanga utakukwamisha, utakuchelewesha, utakutoa jasho. Lakini kinachoua ni kile kipande cha vumbi kinachoonekana kizuri, kimenyooka, hakina gari lingine, na bahari inaanza kuonekana kwa mbali. Hapo ndipo mguu unapokuwa mzito. Ukiwa kilomita 80 kwa saa unakata mita 22 kila sekunde. Mbuzi akikatiza, mpaka umwone, uamue na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imeondoka. Mita 33 zimekwisha na gari bado halijaanza kupunguza. Kwenye changarawe legelege tairi hazishiki kama kwenye lami, kwa hiyo kwa makadirio utasimama karibu mita 100 kutoka pale ulipomwona. Sasa chukua kilomita 40 kwa saa, mbuzi yule yule, barabara ile ile: unasimama ndani ya mita 30 na ushee. Kasi ikipungua nusu, umbali wa kufunga breki unabaki robo. Nakuomba sana ukae kwenye 40 hadi 50 pale panapoonekana pazuri, na 20 ukiona paa la nyumba, mtoto, mnyama au kona usiyoijua.

Ndiyo maana nakataza usiku. Taa fupi za gari zinamulika mita 50 hivi. Ukikimbia 80 kwenye vumbi usiku unahitaji mita 100 kusimama, na unaona 50. Hata uwe na macho ya mwewe, ng'ombe mweusi aliyelala katikati ya njia utamfikia kabla hujasimama. Na wanalala njiani, kwa sababu ardhi pale inatunza joto la mchana.

Utakutana pia na vituta vidogo vidogo vilivyojipanga njia nzima, gari linatetemeka mpaka unahisi bolti zinachomoka. Atatokea mtu akwambie ukanyage mafuta, ukifika 70 au 80 gari linatulia. Linatulia kweli. Linatulia kwa sababu tairi zinaruka kutoka kituta hadi kituta, maana yake muda mwingi hazigusi ardhi sawasawa, na tairi isiyogusa ardhi haina breki wala usukani. Ukikata kona kidogo hapo, sehemu ya nyuma ya gari inataka kutangulia mbele. Vumilia mtetemeko, nenda polepole.

Na hiyo fo-wili yako, kaka, isikudanganye. Inasaidia gari kuondoka, kupanda na kutoka kwenye mchanga. Kwenye kusimama haina msaada wowote. Tairi nne za gari lolote zinafunga breki kwa namna moja. Tena gari refu la juu lenye mizigo kwenye paa linapinduka kirahisi kuliko gari lako la mjini. Kwa hiyo vitu vizito viweke ndani, chini, vimefungwa. Juu ya paa weka magodoro na mifuko ya nguo.

Ukipishana na gari lingine, vumbi lake litakufunika kwa sekunde kadhaa. Punguza mapema, shika upande wako, washa taa fupi hata kama jua linawaka, na usiongeze kasi mpaka uone mbele. Nyuma ya lori kaa mbali na usijaribu kulipita ndani ya vumbi. Ndani ya lile wingu anaweza kuwemo mwendesha baiskeli.

Mtoto nyuma ya pikapu: hapana. Hata kwa mwendo wa kutembea ufukweni. Gari likiingia kwenye shimo la mchanga linasimama ghafla, na aliyeko nyuma hana cha kumzuia.

---

Kando_ya_Bahari

Mimi ni mkazi. Hiyo mnayoiita njia ya ndani, kwangu ni uwanja. Wajukuu wangu wanavuka hapo kwenda kisimani, hapo hapo ndipo wanapochezea mpira, hapo ndipo tunaposimama kusalimiana. Nashukuru kijana ameuliza kabla hajaja.

Nitaongeza machache ambayo dereva mgeni hawezi kuyajua.

Mnyama mmoja akivuka, usimwangalie yeye, angalia alikotoka. Mbuzi wanafuatana. Wa kwanza anapita salama, wa tatu ndiye anayegongwa, kwa sababu dereva ameshaona njia nyeupe akaongeza mwendo. Punda yeye haondoki kwa honi. Ukimpigia anasimama palepale. Simamisha gari, mwenyewe atakuja kumswaga.

Watoto wakikimbilia gari, msiwarushie pipi wala kalamu dirishani. Najua mnafanya kwa upendo. Lakini mtoto akipata leo, kesho atalikimbilia kila gari, na si kila dereva atasimama. Kama una zawadi, peleka shuleni au kwa mwenyekiti wa kijiji, hata kwa wazee wowote utakaowakuta barazani.

Vumbi nalo. Mwendo wenu ukiwa mkubwa, vumbi linaingia ndani ya nyumba, kwenye ndoo za maji, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye samaki waliowekwa juani, kwenye kifua cha mzee mwenye pumu. Ukipita taratibu tunakunyooshea mkono, na siku ukikwama utaona watu wanakuja bila kuitwa.

Sasa ufukweni. Mgeni anaona mchanga mtupu. Hauko mtupu. Zipo kamba zinazotoka kwenye vyombo hadi kwenye miti au vigingi vya chini, rangi yake imefanana na mchanga, na zipo juu kidogo, usawa wa kioo cha gari au shingo ya mtu wa pikipiki. Zipo nyavu zimetandazwa. Wakati wa kuvuta juya, wavu mkubwa wa kukokota, wapo watu ishirini wamegeuza mgongo, wanavuta huku wanaimba, hawakusikii.

Juu ya mstari ule wa mwani uliokauka, pale maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi, yanapofika, ndipo kasa wanapofukia mayai. Shimo lina kina cha karibu nusu mita, mayai yanakaa humo siku 45 hadi 70 kutegemea joto la mchanga. Huwezi kuyaona. Gari likipita juu linaushindilia mchanga, na vitoto vikianguliwa vinashindwa kupanda. Wale wanaotoka wanatoka usiku, wanafuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa za gari zinawavuta waende nchi kavu. Na pale gari lilipopita linaacha mifereji miwili; kwetu sisi ni alama za tairi, kwa kitoto cha kasa ni korongo. Nimewakuta asubuhi wamefuata mfereji ule ule mwendo mrefu, wamekaushwa na jua kabla hawajafika majini. Nawaokota walio hai. Wengi huwa nimechelewa.

Kuna na ndege wanaotaga juu ya mchanga mtupu, mayai yao yana madoadoa kama kokoto. Na yale majani yanayotambaa, mlakasa na wenzake, ndiyo yanayoshika vilima vya mchanga visihame. Gari likipita juu yake mara chache yanakufa, upepo unabeba mchanga, na kilima kinachozuia bahari kuingia kijijini kinaisha.

---

BabaWawili

Shikamoo mzee wangu. Kwa kweli hayo ya kamba na ya kasa sikuwahi kuyafikiria hata mara moja. Watoto nitawasomea ulichoandika.

Dada, nimekuelewa kuhusu usiku. Lakini naomba nieleweshe habari ya maji, maana mwenye nyumba amesisitiza kwamba ufukweni mchanga ni mgumu na gari linateleza kama lami. Nimetazama jedwali la maji la siku ile: maji yatajaa kabisa saa kumi na mbili jioni. Itakuwa ni siku mbili baada ya mwezi mpevu. Nikifika saa mbili usiku, si yatakuwa yameshaanza kupwa? Saa mbili nzima.

---

Kando_ya_Bahari

Marahaba mwanangu. Ngoja dada akupigie hesabu, lakini siku mbili baada ya mwezi mpevu bado ni bamvu. Hayo ndiyo maji makubwa ya mwezi.

---

DadaUsukani

Mzee amesema kweli, na hesabu yenyewe ni hii.

Kwenye pwani nyingi maji yanajaa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kama kumi na tatu. Lakini hayapungui kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote cha maji mafungu 12. Saa ya kwanza linaondoka fungu moja, saa ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa hiyo maji yakijaa saa kumi na mbili jioni, ikifika saa mbili usiku yamepungua mafungu matatu kati ya 12. Robo tu. Robo tatu ya bahari bado iko pale ulipotaka kupitisha gari, na ni giza, na ni bamvu. Utalazimika kupanda juu kwenye mchanga mkavu, ambao ndio unaokwamisha, na ndipo mayai ya kasa yalipo.

Wakati wa kujaa ni mkali zaidi, kwa sababu hesabu ile ile inageuka. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3. Saa ya kwanza baada ya maji kupwa yanapanda sentimita 25 tu, mtu anajiambia bado sana, anateremka, anapiga picha. Saa ya tatu peke yake yanapanda sentimita 75. Ufukwe ukiwa bapa, unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, hizo sentimita 75 ni zaidi ya mita 37 za mchanga zilizomezwa ndani ya saa moja. Gari lililokwama pale halina muda wa kusubiri trekta itoke kijiji cha pili.

Kuna sehemu za dunia ambako kuendesha ufukweni kumepigwa marufuku kabisa, na sehemu nyingine kuna kibali na vipande maalumu. Uliza mamlaka ya eneo, usimwulize mwenye nyumba peke yake. Yeye anataka ufike. Ikiwa inaruhusiwa na siku moja ikakulazimu, kwa mfano mgonjwa yupo na njia ya ndani imekatika, basi tafuta saa ambayo maji yatapwa kabisa, uingie saa moja au mbili *kabla* yake. Hapo hata ukikwama, maji bado yanakwenda mbali nawe. Anayeingia maji yameshaanza kurudi, kila dakika anayochimba ni dakika ya bahari. Pita kwenye mchanga wenye unyevu, ule mgumu, kati ya maji na mstari wa mwani. Usipitishe tairi ndani ya mawimbi kwa ajili ya picha.

Siku yako maji yatapwa karibu saa sita kasoro robo mchana. Siku inayofuata itasogea mbele kama dakika 50, iwe saa sita na dakika 35 hivi. Jifunze huo mwendo hata kama hutapita ufukweni, kwa sababu watoto wako wataogelea na kutembea kwenye fungu la mchanga, na hesabu ni hiyo hiyo.

Mdomo wa mto au mkondo unaoingia baharini usivuke kabisa kwa gari usipopajua. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo. Sentimita 60 yanabeba magari mengi, likiwemo la kwako. Na chini mchanga unahama kila siku. Alama za tairi ulizoziona jana haziambii chochote kuhusu leo.

---

FundiChuma

Naongezea upande wa chuma.

Upepo: ndiyo, punguza, na wala si mambo ya mashindano. Kwa gari la aina hiyo likiwa na mzigo, kama kwenye lami linatembelea psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), kwenye mchanga mzito shusha hadi 20, ikishindikana 18. Chini ya 15 usiende, tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Tairi iliyolegea inarefuka pale inapogusa chini, uzito unasambaa, haichimbi. Ukiwa na upepo mdogo usizidi kilomita 30 au 40 na usipinde usukani ghafla. Ukitoka kwenye mchanga jaza kabla ya kukimbia: tairi isiyo na upepo wa kutosha inapata moto kwa kujikunja na kujikunjua, na inapasuka ukiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo kipimo cha upepo na pampu ya kuchomeka kwenye gari ni lazima, si anasa. Spea tairi ikague kabla hujaondoka na gari la watu, na jeki uijaribu palepale mbele ya mwenye gari. Beba ubao mpana wa kuwekea jeki, mchangani jeki inazama.

Kamba: hapa naomba kila mtu asome. Kile kibonge cha chuma nyuma ya gari cha kufungia tela si cha kuvutia gari lililokwama. Kikikatika chini ya mvuto kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu. Funga kamba kwenye sehemu za kuvutia zilizoungwa kwenye chesisi. Tandika koti zito au blanketi katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini. Watu wote wakae mbali, pembeni, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, na watoto wapelekwe nyuma ya mti kabisa. Dereva wa gari linalovuta aanze taratibu.

Majani makavu katikati ya njia: bomba la moshi linawaka moto wa kutosha kuyawasha. Usiegeshe juu ya majani makavu, na ukipita nayo kwa muda mrefu simama uchungulie chini.

Chumvi: ukirudi penye maji baridi osha chini ya gari vizuri, hasa breki na sehemu za nyaya. Halafu jaribu breki ukiwa mwendo mdogo.

---

NesiWaZamu

Mimi nitasema kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ajali za barabarani ndicho chanzo kikuu cha vifo. Mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele hadi nusu. Likizoni ndiko watu wanakoufungua, eti ni hapa karibu tu. Mama mkwe nyuma naye afunge, maana asiyefunga mkanda wa nyuma anamwangukia aliyekaa mbele. Wa miaka 4 awe na kiti chake, asipakatwe. Hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto gari likigonga.

Pombe: ini linaiondoa kwa mwendo wake. Kahawa haiharakishi, kuoga baharini hakuharakishi. Aliyekunywa hadi usiku wa manane anaweza kuwa bado nayo asubuhi. Pangeni dereva wa siku, mmoja asiguse.

Na kwa sababu mtakuwa mbali na hospitali: kabla ya safari jua kituo cha afya cha karibu kiko wapi na mtandao wa simu unapatikana kwenye vilima gani. Aliyeumia shingo au mgongo msimburute wala kumkalisha, isipokuwa kuna moto au maji yanamfuata. Damu inayotoka kwa nguvu kandamizeni kwa kitambaa safi na msiachie kuchungulia.

---

BabaWawili

Ndugu zangu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nimezungumza na mke wangu. Tutalala pale lami inapoishia, tutaondoka saa moja asubuhi kwa njia ya ndani. Mwenye nyumba nimempigia, amesema sawa, na kwamba kuna kipande cha mchanga mzito kama kilomita 3 baada ya kijiji cha mwisho, na korongo moja ambalo mvua ikinyesha linashuka maji. Pikapu nimeikataa, mtoto amenuna, atazoea.

Swali la mwisho, dada: nikikwama hapo kwenye kilomita 3 nikiwa na mama mkwe na watoto, nifanye nini hasa, hatua kwa hatua? Sitaki kuanza kubahatisha mbele yao.

---

DadaUsukani

Saa moja asubuhi umechagua vizuri, mchanga ukiwa na ubaridi na unyevu wa usiku unashikana kuliko wa saa nane mchana.

Kabla ya kuingia kwenye hicho kipande, simama penye ardhi ngumu. Shusha upepo, washa fo-wili, shuka utembee hatua chache uone njia. Ukishaingia usisimame katikati, nenda mwendo mmoja, gia ya pili, usukani laini, fuata alama za waliotangulia. Ukitaka kusimama usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta gari lisimame lenyewe. Breki inarundika mchanga mbele ya tairi na kuondoka kunakuwa kugumu. Simama pua ikielekea mteremko.

Ukihisi gari linazama na tairi zinazunguka bila kwenda, toa mguu kwenye mafuta wakati huo huo. Hili ndilo linaloamua kama utatoka kwa dakika kumi au utashinda hapo. Kila mzunguko wa ziada unachimba, mpaka tumbo la gari linalala juu ya mchanga na tairi zinaning'inia. Zima. Wateremshe wote, mama mkwe akae kivulini na watoto, maji ya kunywa awe nayo yeye. Chimba kwa beleshi mbele na nyuma ya kila tairi, utengeneze mteremko mrefu wa kutokea, si shimo. Lala chini uangalie kama tumbo limegusa. Kama limegusa, toa mchanga huo kwanza, usipoutoa mengine yote ni kazi bure. Shusha upepo kidogo tena. Kisha rudi nyuma taratibu kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu hapo umeshashindilia. Mtu asisukume akiwa amesimama nyuma ya gari linalorudi nyuma.

Ukijaribu hivyo mara mbili tatu likagoma, acha. Tuma mtu kijijini au subiri. Omba kwa heshima, kubaliana mapema mtakavyoshukuriana, na waliokuja kusaidia uwaambie habari ya kamba kama alivyoeleza fundi, kwa sababu watu wema wanasogea karibu mno. Weka maji ya kunywa ya kutosha watu watano siku nzima, na mafuta ya kwenda na kurudi na ziada, maana mchanga unakula mafuta kuliko lami. Ramani ipakue kwenye simu kabla mtandao haujakata, lakini ikikuonyesha njia ya mkato ambayo mzee wa pale anasema ni ya ng'ombe, msikilize mzee.

Korongo: maji yakiwa yanashuka, egesha juu, kaeni, kuleni mlichobeba, subirini. Mengi ya makorongo hayo hupungua ndani ya saa chache mvua ikikatika.

Ukishafika tuandikie hali ya hicho kipande cha mchanga na hilo korongo. Nina wageni wa kuwapeleka upande kama huo mwezi ujao, na wapo wengine watakaosoma hapa.